Vitabu vya falsafa kuhusu usasa na hoja: uanze na Toulmin, Perelman, Habermas au Táíwò?

Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu usasa, wakili anayetaka kuelewa kwa nini hoja iliyonyooka kisheria bado inashindwa kumshawishi hakimu, na mwalimu wa chuo anayepanga somo la falsafa la muhula mmoja, wote huishia mbele ya rafu moja ya maktaba. Watatajiwa majina yaleyale: Toulmin, Perelman, Habermas, Taylor, na wakibahatika, Gyekye na Táíwò. Wasichoambiwa ni kwamba vitabu hivyo havifanyi kazi moja, na ukianza na kisichokufaa unaweza kuchoka kabla hujafika penye utamu.

Nimeweka usasa na hoja katika mizani moja kwa makusudi. Swali la usasa, ukilichimba mpaka chini, linahusu sababu zipi zikubaliwe barazani na zipi zifukuzwe. Anayesema "hayo mambo ya kizamani" amekwisha kuamua ushahidi wa nani una haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo kitabu cha usasa nakipima kwanza kwa jinsi chenyewe kinavyobishana. Je, kinampa mpinzani nafasi ya kusema? Kinakiri pale ushahidi unapokuwa mwembamba? Urefu, ugumu wa lugha na upatikanaji navipima baadaye.

Toulmin wa 1958 na Toulmin wa 1990

Stephen Toulmin (1922–2009) alikuwa Mwingereza aliyeanzia kwenye hisabati na fizikia, akahamia falsafa, akakaa darasani kwa Wittgenstein huko Cambridge. Vitabu vyake viwili vinavyotuhusu vimepishana miaka 32: *The Uses of Argument* cha 1958 na *Cosmopolis: The Hidden Agenda of Modernity* cha 1990. Wengi husoma kimoja bila kujua kingine kipo, maana cha kwanza hukaa rafu ya mantiki na mawasiliano, cha pili rafu ya historia ya mawazo. Mimi naviona kama hoja moja iliyokamilika baada ya miaka mingi.

Cha 1958 kina insha tano, na iliyokipa umaarufu ni ya tatu, inayohusu mpangilio wa hoja. Toulmin aliwaona wanamantiki wa wakati wake wakipima kila hoja kwa kipimo cha jiometri, yaani uthibitisho usioacha shaka, ilhali mahakamani, hospitalini na maabara watu hubishana vizuri bila kipimo hicho. Mfano wake ni wa kijana aitwaye Harry. Dai: Harry ni raia wa Uingereza. Ushahidi: alizaliwa Bermuda. Kinachotuvusha kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai ni kibali: mtu aliyezaliwa Bermuda kwa kawaida huwa raia wa Uingereza. Ukiuliza kibali hicho kimetoka wapi, unaonyeshwa tegemeo lake, yaani sheria zilizotungwa. Neno "yaelekea" linapima uzito wa dai. Na nafasi inaachwa kwa kipingamizi: isipokuwa kama wazazi wake wote wawili walikuwa wageni, au amechukua uraia wa Marekani.

Ni vipande sita tu, lakini ukivizoea utashangaa ni mabishano mangapi yanayokwama kwa sababu watu wanarushiana ushahidi, kumbe wanachotofautiana ni kibali. Tena Toulmin anasisitiza kwamba mpangilio unaweza kuwa uleule kila mahali, lakini tegemeo analolikubali daktari silo analolikubali kadhi, wala silo la mhandisi. Wanafalsafa wengi wa Uingereza hawakukifurahia kitabu hiki. Waliokiokoa ni walimu wa balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, wa Marekani, hasa baada ya Wayne Brockriede na Douglas Ehninger kukitambulisha kwao mwaka 1960, na ndiyo maana leo mchoro wake unafundishwa hata kwa wanafunzi wasiojua kwamba mwenyewe alikuwa mwanafalsafa.

*Cosmopolis* kinauliza kipimo kile cha jiometri kilitoka wapi. Masimulizi yaliyozoeleka vyuoni yanasema usasa ulizaliwa karne ya 17, Ulaya ilipopata ustawi na watu wakapata utulivu wa kufikiri kwa uhuru. Ndipo wakatokea mwanasayansi Galileo na mwanafalsafa Descartes. Toulmin anayapindua masimulizi hayo. Karne ile, anasema, ilianza kwa damu. Tarehe 14 Mei 1610 Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa, aliyewapa Waprotestanti haki zao kwa Amri ya Nantes ya 1598, alichomwa kisu na François Ravaillac mjini Paris. Miaka minane baadaye vikaanza Vita vya Miaka 30, vilivyomalizwa na mkataba wa Westphalia mwaka 1648. Katika Ulaya ya namna hiyo watu walitamani hakika isiyotegemea dini ya mtu wala nchi yake, na Descartes akawapa. Falsafa ikafanya mihamo minne: kutoka mazungumzo ya mdomo kwenda maandishi, kutoka kesi mahususi kwenda kanuni ya jumla, kutoka mahali fulani kwenda popote, kutoka jambo la wakati wake kwenda jambo la milele. Walioachwa nyuma ni watu wa karne ya 16 kama Erasmus na Montaigne, waliokuwa na uvumilivu wa kuishi na mashaka na tofauti za wanadamu.

Udhaifu wake uko wapi? Moyo wa mfalme yule ulipelekwa La Flèche, kwenye chuo cha Wajesuti ambako Descartes alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1611 chuo kilichapisha mashairi ya kumkumbuka, na mojawapo ni soneti inayounganisha kifo cha mfalme na miezi ya Jupiter iliyokuwa imegunduliwa na Galileo. Toulmin anadokeza kwamba huenda mtunzi ni Descartes kijana. Ushahidi hautoshi, naye anaileta kama dhana. Napenda uwazi huo, lakini msomaji awe macho: daraja kati ya kisu cha Ravaillac na falsafa ya Descartes limejengwa zaidi kwa mfuatano wa matukio kuliko kwa barua au kauli ya mwenyewe. Ukikitumia kitabu hiki kwenye tasnifu, tumia ile hoja ya mihamo minne, ambayo inasimama bila soneti.

Kati ya vitabu hivi viwili kuna tukio linaloviunganisha. Kuanzia 1975 hadi 1978 Toulmin alifanya kazi na tume ya taifa ya Marekani iliyoshughulikia ulinzi wa watu wanaofanyiwa utafiti. Aliona wajumbe wa imani na taaluma mbalimbali wakikubaliana mara nyingi juu ya kesi iliyo mbele yao, kisha wakitofautiana pale kila mmoja alipoeleza kanuni iliyomfikisha kwenye uamuzi. Kwa Toulmin huo ulikuwa uthibitisho kwamba akili ya kesi kwa kesi, ile ambayo karne ya 17 iliidharau, haijafa wala haina aibu. Ukijua hilo, *Cosmopolis* kinasomeka kwa mwanga mwingine.

Ukiwa na nafasi ya kitabu kimoja tu kati ya vyote nitakavyovitaja, chukua *Cosmopolis*. Kina zaidi kidogo ya kurasa 200, kinasomeka na mtu asiye na digrii ya falsafa, na kinakuonyesha kwa nini ubishi kuhusu hoja na ubishi kuhusu usasa ni ubishi mmoja. Cha 1958 ni kigumu zaidi. Anza na insha ya tatu, ongeza ya nne. Ile ya pili kuhusu uwezekano waachie wenye shida nayo.

Perelman na Olbrechts-Tyteca: anayesikiliza ni nani?

Mwaka uleule wa 1958, Paris, kilitoka *Traité de l'argumentation: la nouvelle rhétorique*, cha Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca. Perelman alizaliwa Warsaw mwaka 1912, akaandika tasnifu kuhusu mwanamantiki Mjerumani Frege, na wakati wa vita alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kamati ya siri ya kuwalinda Wayahudi wa Ubelgiji. Mtu aliyepita hapo hawezi kuridhika akiambiwa kwamba kusema "hii ni dhuluma" ni hisia tu, haina uzito wa akili. Akatafuta mantiki ya hukumu za namna hiyo, asiipate. Ndipo yeye na mwenzake wakatumia takribani miaka kumi kukusanya mifano ya jinsi watu wanavyobishana kweli, katika hotuba, hukumu za mahakama, maandiko ya dini na fasihi.

Toulmin anaifungua hoja ndani. Perelman anatazama kati ya msemaji na msikilizaji. Kwake hakuna hoja isiyo na hadhira, na mwanafalsafa ni yule anayejipa kazi ngumu ya kusema kana kwamba anasikilizwa na wanadamu wote wenye akili, hadhira ya ulimwengu mzima.

Jambo moja kutoka kitabu hiki litakulipa gharama yake yote: maelezo ya namna watu wanavyolipasua wazo moja vipande viwili, cha kweli na cha juujuu. Kila anayesema "maendeleo ya kweli" au "demokrasia ya kweli" amefanya hivyo. Kwa msomaji wa Kiswahili mfano mzuri uko karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliandika makala za gazeti zilizokuja kukusanywa katika *Uwongozi*. Aliwahimiza wasomaji wake waige elimu na bidii ya Wazungu, akawakemea kwa kuiga mavazi na starehe zao. Usasa mmoja ameupasua viwili: wa kuchukuliwa na wa kuachwa. Makala hizo zilitolewa upya na Brill mwaka 2017 zikiwa na Kiswahili chake na tafsiri ya Kiingereza, na ukizisoma baada ya Perelman utaona ustadi ambao ungekupita.

Kasoro ya Perelman ni kwamba anaorodhesha kuliko anavyohukumu. Ukimaliza zaidi ya kurasa 500 utajua hoja za aina nyingi ajabu, ila swali la lini hoja inayoshawishi ni hoja nzuri anakuachia wewe kwa kiasi kikubwa. Lakini kwa wakili, mhubiri, mwandishi wa habari au mtu wa siasa, bado nakiweka mbele ya Toulmin wa 1958. Asiye na muda achukue kifupi cha Perelman mwenyewe, *L'Empire rhétorique* cha 1977, ambacho kwa Kiingereza ni *The Realm of Rhetoric* cha 1982. Wenzetu wa Lubumbashi, Bukavu na Goma wanaosoma Kifaransa wana faida hapa: wanakutana na waandishi hawa bila mkalimani.

Habermas: nguvu ya hoja iliyo bora

Jürgen Habermas, mwanafalsafa Mjerumani, ndiye aliyejaribu kwa ukubwa kuliko wengine kujenga nadharia ya usasa juu ya nadharia ya hoja. Mwaka 1980, akipokea Tuzo ya Adorno huko Frankfurt, alisema usasa ni mradi ambao haujakamilika. Mwaka uliofuata akatoa *Theorie des kommunikativen Handelns*, majuzuu mawili yenye jumla ya kurasa zaidi ya elfu moja. Mwaka 1985 akatoa mihadhara 12 ambayo kwa Kiingereza ni *The Philosophical Discourse of Modernity*.

Wazo lake la msingi linaeleweka kwa urahisi ukilileta kijijini. Mwenyekiti anatangaza: kila kaya italeta mchango wa ujenzi wa darasa kabla ya Jumamosi. Mwanakijiji anaweza kumbishia kwa njia tatu. Anaweza kuuliza kama ni kweli darasa linahitajika. Anaweza kuuliza ni haki gani inayompa mwenyekiti mamlaka ya kutoza. Anaweza kuuliza kama mwenyekiti ana nia safi, au darasa ni kisingizio. Ukweli, uhalali na unyofu: kila asemaye amejifunga kuvitetea vyote vitatu akiulizwa. Jamii ya kisasa, kwa Habermas, ni ile ambayo maswali hayo yanaweza kuulizwa na kujibiwa kwa nguvu ya hoja iliyo bora, pasipo shuruti. Ugonjwa wa usasa ni pale fedha na urasimu vinapoingia kwenye sehemu za maisha zilizopaswa kuendeshwa kwa maelewano na kuzitawala.

Hiyo ni nadharia ninayoithamini sana. Swali ni ununue kipi. Ukiwa umekuja kwa ajili ya hoja, juzuu la kwanza la kitabu cha 1981 linatosha. Lina sehemu mahususi kuhusu nadharia ya hoja, na humo anajadiliana na Toulmin. Ile habari ya fedha na urasimu kutawala maisha iko juzuu la pili, nalo linawafaa zaidi wanasosholojia.

Mihadhara 12 ndiyo watu wengi huinunua kwanza kwa sababu ya jina, na ndiyo inayowashinda wengi. Inamchukulia msomaji kama mtu anayemjua Hegel na Nietzsche, kisha inampitisha kwa Horkheimer na Adorno, Heidegger, Derrida, Bataille na Foucault. Hoja inayorudi mara kwa mara ni kwamba anayeishutumu akili yote kwa jumla analazimika kuitumia akili hiyohiyo kutoa shutuma, hivyo anajipinga mwenyewe. Ni hoja nzito. Lakini kwa kigezo nilichokiweka mwanzoni, kitabu hiki kina doa. Katika sehemu ya nyongeza kuhusu Derrida, Habermas anasema kwamba kwa kuwa Derrida si mtu wa kubishana kwa hoja, atamfuata kupitia wafuasi wake wa Marekani, na anayetegemewa zaidi ni Jonathan Culler. Derrida alilalamika, na alikuwa na haki. Mtu anayefundisha kwamba mpinzani asikilizwe hakupaswa kumhukumu kwa maneno ya mwingine. Wawili hao walikuja kupatana, hata Mei 2003 wakatia sahihi kwa pamoja tamko kuhusu Ulaya na vita vya Iraki, lakini kitabu kimebaki kama kilivyo.

Kwa hiyo mihadhara hiyo iache mpaka utakapokuwa umemsoma walau Nietzsche na Foucault wenyewe. Ukitangulia na Habermas, utawajua kupitia mshitaki wao.

Taylor, kwa ufupi

Charles Taylor wa Kanada ana *Sources of the Self* cha 1989 na *A Secular Age* cha 2007, vyote vikubwa, na cha pili kinakaribia kurasa 900. Anayetaka kuchagua aanze na kitabu kidogo cha 1991, *The Malaise of Modernity*, kilichotokana na mihadhara ya redio ya taifa ya Kanada. Anataja kero tatu za usasa: ubinafsi, akili inayohesabu faida tu, na kupotea kwa uhuru wa kisiasa. Anawakataa wanaoushangilia usasa wote na wanaoulaani wote. Kinachokifanya kitabu hiki kifae katika ulinganisho wetu ni dai lake kwamba watu wanaweza kubishana kwa akili juu ya maadili wanayoyaishi, na kwamba mabishano hayo yanaweza kubadilisha kitu. Kwa mwaka wa kwanza wa chuo, sioni kinachokipita.

Gyekye na Táíwò: wawili wanaobishana kuhusu sisi

Mitaala mingi huwaweka waandishi wa Kiafrika wiki ya mwisho, kama nyongeza. Naona ni kosa, na kosa la kielimu kabla halijawa la heshima: mabishano makali na yenye faida kuhusu usasa, ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuyapima kwa ushahidi alio nao mkononi, yako hapa.

*Tradition and Modernity* cha Kwame Gyekye wa Ghana kilitoka 1997. Gyekye anaanza kwa kufafanua. Mapokeo, anasema, si mzigo unaopitishwa mzima. Kila kizazi huchagua cha kushika na cha kuacha, na hata jamii za kisasa zina mapokeo yao. Basi kuvisimamisha viwili hivi kama maadui ni kukosea tangu mwanzo. Kutoka hapo anaingia ukabila na utaifa, rushwa kama tatizo la maadili, nafasi ya mtu katika jamii, na sura moja inayowagusa Watanzania moja kwa moja: ile ya usoshalisti wa Kiafrika.

Ichukue sura hiyo uipange kwa vipande vya Toulmin, uone jinsi vitabu hivi vinavyosaidiana. Katika kijitabu chake cha Aprili 1962, Nyerere anadai kwamba Waafrika hawahitaji kuongolewa ili wawe wajamaa, maana ujamaa una mizizi katika maisha yao ya kale. Ushahidi wake: ardhi haikuwa bidhaa, kila mtu alifanya kazi, na hakuna aliyelala njaa kwa kukosa mali yake binafsi. Gyekye haubishii sana moyo wa kusaidiana. Anakishika kibali, kile kinachosema kwamba jamii ya kusaidiana ni jamii ya kisoshalisti. Kusaidiana, anajibu, ni jambo la maadili na mahusiano. Usoshalisti ni kwanza mpango wa uchumi. Na katika jamii nyingi za jadi mali binafsi ilikuwepo pamoja na ile ya jamaa. Kwa hiyo huwezi kutoka la kwanza hadi la pili bila hoja nyingine ya kati.

Nyerere ana la kujibu. Kijitabu chake kinaanza kwa kusema usoshalisti ni mwelekeo wa akili, na Azimio la Arusha la 1967 linarudia kwamba ujamaa ni imani. Kama maana ni hiyo, kibali kinasimama, ila sasa lazima tuulize kama imani inatosha kuhalalisha mpango fulani wa uchumi. Hapo ndipo darasa linapaswa kubishania. Kwa hoja ninaona Gyekye amepata alama, ingawa angemtendea Nyerere haki zaidi kama angelikaa muda mrefu na fasili hiyo.

Olúfẹ́mi Táíwò, mwanafalsafa kutoka Nigeria, anaandika kwa moto. *How Colonialism Preempted Modernity in Africa* cha 2010 kinakanusha imani iliyozoeleka kwamba ukoloni ndio uliotuletea usasa. Anadai uliuzuia. Kabla ya utawala wa kikoloni kukomaa, Afrika Magharibi kulikuwa na Waafrika waliokwisha kuushika usasa kwa hiari yao: uhuru wa mtu binafsi, utawala wa sheria, imani katika akili na elimu. Samuel Ajayi Crowther, aliyeokolewa kutoka meli ya watumwa mwaka 1822, akawa askofu wa Kianglikana mwaka 1864, chini ya sera ya Henry Venn wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, aliyetaka makanisa ya Kiafrika yajitegemee. Kisha wakaja watawala na wamisionari wa kizazi kingine walioona Mwafrika hajawa tayari. Crowther akanyang'anywa mamlaka uzeeni. Lugard, mtawala wa Kiingereza wa Nigeria, na utawala wake wa kupitia machifu wakazigandisha jamii kama kitu kilichowekwa kwenye barafu, zisibadilike.

Mifano ya Táíwò ni ya magharibi, lakini Mtanzania ataitambua haraka. Donald Cameron, gavana wa Tanganyika kuanzia 1925, alitokea kwenye utumishi wa Nigeria na akauleta utawala huo wa machifu hapa. Na anayeijua Freretown ya Mombasa, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na CMS miaka ya 1870, atataka kuuliza kama masimulizi ya Táíwò yanasimama pwani hii, ambako elimu na sheria za maandishi zilikuwepo kwa Kiarabu na Kiswahili karne nyingi kabla ya mmisionari. Hilo ndilo pengo kubwa ninaloliona: mlango wa usasa kwake unapitia kanisani na shuleni kwa wamisionari karibu peke yake. Lakini anaweka madai yake wazi kiasi kwamba unaweza kuyapinga kwa ushahidi, na hiyo kwangu ni sifa kubwa.

Wawili hawa ukiwaweka pamoja wanatofautiana pazuri. Gyekye anauliza tuchague nini katika mapokeo. Táíwò anauliza ni nani aliyeamua kipi kiitwe mapokeo, na kwa faida ya nani. Wa kwanza mtulivu, mwenye fasili makini, wakati mwingine anachosha. Wa pili anasukuma mpaka unataka kumjibu. Kwa mjadala darasani, Táíwò. Kwa tasnifu inayohitaji istilahi zilizonyooka, Gyekye.

Anayetaka kuona hoja ikijengwa mdomoni, kabla haijawa kitabu, atafute *Sage Philosophy* cha Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichotoka 1990. Ni mahojiano na wazee wenye hekima wa Kenya, na Oruka anawatenga wanaosimulia mila za watu wao na wanaozihoji. Kipo pia cha Kwasi Wiredu, *Cultural Universals and Particulars* cha 1996, chenye insha inayotetea uamuzi wa makubaliano badala ya kura ya vyama, kwa kutazama mabaraza ya Waashanti.

Kabla ya kulipa

Kitabu kidogo cha Taylor kinauzwa kwa majina mawili: Kanada kinaitwa *The Malaise of Modernity*, Marekani *The Ethics of Authenticity*. Ni kitabu kilekile. Majuzuu ya Habermas ya 1981 huuzwa mbalimbali, angalia namba. *The Uses of Argument* kina toleo la 2003 la Cambridge, ndilo la kuchukua. Mwalimu anayetaka mchoro wa Toulmin ukiwa na mazoezi ya darasani atafute *An Introduction to Reasoning* cha 1979, alichoandika na Richard Rieke na Allan Janik. Hicho kiliandikwa kwa ajili ya wanafunzi, cha 1958 hakikuandikwa hivyo.

Na wapo wanafalsafa wawili wenye jina karibu moja. Olúfẹ́mi Táíwò tuliyemzungumzia ndiye pia mwandishi wa *Against Decolonisation* cha 2022. Olúfẹ́mi O. Táíwò, mwenye herufi ya kati, ni mtu mwingine, mdogo kwa umri, na mwaka huohuo wa 2022 alitoa *Reconsidering Reparations* na *Elite Capture*. Vitabu vyao hupangwa pamoja kwenye maduka ya mtandaoni, na msimamo wao haufanani, kwa hiyo soma jina mpaka mwisho kabla ya kuagiza.